Paa linavuja pale bati linapokutana na ukuta: jinsi ya kurekebisha nyumba za zamani huku Kigoma

Wakuu habari zenu. Kiangazi ndo hiki, na huu ndo muda wa kupanda juu ya paa, maana huku kwetu mvua zikishashika kuelekea Novemba ni mpaka Aprili au Mei, na ukisubiri dari lichore ramani ndo uite fundi utakuwa umechelewa, fundi mwenyewe siku hizo anagombaniwa mtaa mzima. Leo nataka niongelee sehemu moja tu ya paa, ile ambayo bati linakutana na ukuta, kwa sababu nyumba nyingi za zamani za Ujiji, Mwanga na kule mjini karibu na stesheni zinavuja hapo hapo, ila watu wanahangaika kubadilisha mabati ya katikati ambayo hayana shida yoyote.

Nyumba za zamani zina mambo mawili. La kwanza, nyingi ukuta wa mbele ulipandishwa kupita paa ili nyumba iwe na uso mzuri barabarani, kwa hiyo paa linaishia nyuma ya ukuta. La pili, nyumba ilijengwa vyumba vinne, baadae familia ikakua wakaongeza jiko na stoo upande wa uani, na paa la hiyo nyongeza likaegemezwa kwenye ukuta wa zamani. Sehemu zote hizo mbili maji yanayoteremka ukutani yanakuta mlango wazi kati ya bati na ukuta. Kinachotakiwa kuwa pale ni kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja unapanda ukutani na mwingine unalala juu ya mabati, mafundi wanakiita fleshingi. Sasa nenda kaangalie nyumba yako, uwezekano mkubwa utakuta hakuna fleshingi, kuna simenti. Au ipo ila imeoza na juu yake mtu kapaka lami, juu ya lami simenti, juu ya simenti lami tena.

Simenti haiwezi kuziba hapo, na naomba hili lieleweke vizuri kuliko yote nitakayoandika. Bati linatembea. Bati la mita 3 likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka jua la saa nane mchana, chuma kinaweza kupanda joto kwa nyuzi 40 hivi, na hapo linarefuka kama milimita moja na nusu, jioni linarudi lilivyokuwa, kesho tena hivo hivo. Ukuta hautembei. Simenti iliyoshikana na vyote viwili lazima ipasuke, na ikishapasuka ufa wake ni mwembamba kiasi kwamba ukiwa chini huuoni, lakini maji yanaingia na hayakauki haraka kwa sababu yamekaa chini ya simenti, kwa hiyo bati linaliwa kutu kwa chini na ile mbao ya papi, yaani inayopigiwa bati juu yake, inaoza taratibu. Maji ya paa hayazibwi, yanaelekezwa. Bati la juu linalala juu ya bati la chini, na kila maungio yanaangalia chini, basi hata kama hakuna gundi tone moja maji hayana pa kuingilia.

Kabla ya kununua chochote tafuta tundu lilipo. Doa kwenye dari mara nyingi haliko chini ya tundu, maji yanaingia juu yanafuata kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) au papi yanaenda kudondoka mbali huko. Ingia darini mchana jua likiwa kali, zima tochi, tulia kidogo mpaka macho yazoee giza, utaona mianga. Kama huoni mwanga, shika zile mbao zinazogusa ukuta, tafuta alama nyeusi za maji uzifuate kwenda juu, au bonyeza na bisibisi, mbao ikiingia kirahisi umefika. Baada ya hapo mwagia maji, mtu mmoja juu na ndoo au mpira, mwingine darini, na uanze kumwagia chini ya paa uende juu taratibu, kwa sababu ukianzia juu maji yanashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Usalama msiuchukulie poa. Panda asubuhi bati halijawa na moto na umande umeshakauka, ngazi ifungwe kamba juu, vaa raba sio kandambili, kanyaga kwenye mstari wa misumari maana ndo penye papi chini yake, na kama bati ni la zamani laza ubao utembee juu ya ubao. Angalia waya wa umeme unaoingia kwenye nyumba, mara nyingi umepita pale pale kwenye kona ya ukuta unapotaka kufanyia kazi, na bati refu mkononi ni hatari kubwa. Jambo lingine, kama nyumba imeezekwa yale mabati mazito ya kijivu ya simenti ambayo ni asbesto, usiyakate, usiyatoboe na wala usiyasugue na brashi, vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta magonjwa mabaya sana yakiwemo ya kansa. Hayo muite mtu anayeyajua.

Vifaa sio vingi. Bati bapa lisilo na migongo, geji 28 au 26 kama mfuko unaruhusu (namba ikishuka bati ndo linakuwa nene, wengine wanachanganya hapo), mkasi wa bati, nyundo, nyundo ya mpira, patasi, grainda kama ukuta ni wa tofali za kuchoma au bloku, skrubu za bati zenye raba, brashi ya waya, na silikoni. Kwenye silikoni kuwa makini, ile inayonuka kama siki inatoa asidi wakati inakauka na asidi hiyo inakula zinki ya bati, ulizia ile isiyo na harufu ya siki ambayo wameandika inafaa kwenye bati na zege. Na kama unakinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa, usikubali kuwekewa fleshingi ya risasi, risasi inaingia kwenye maji na ni sumu, watoto ndo inawaumiza zaidi.

Kuna nyumba moja ya bibi kule Ujiji chini ya miembe, nilienda kuangalia paa la jiko lililoegemea ukuta wa nyumba kubwa. Nikamwambia "Bibi shikamoo, hii simenti naomba niibandue yote," akasema "Marahaba mjukuu wangu, lakini si ndo inayozuia maji hiyo?" Nikagonga patasi mara moja, ikatoka pande refu la simenti limeshikana na vipande vya bati, chini yake papi ilikuwa nyeusi na laini kama muhogo uliovundikwa, nikaibana kwa vidole ikatoka maji, na mvua ilikuwa imekatika muda mrefu tu. Bibi alivyooneshwa ile mbao akasema bandua yote. Kwa hiyo na wewe bandua yote, usiache kipande eti hiki bado kizima, na papi iliyooza katilia mbali uweke mpya iliyopakwa dawa ya mchwa, maana skrubu haishiki kwenye mbao mbovu.

Sasa kukata. Kata bati bapa kwa upana wa sentimita 30 hivi, 15 zipande ukutani na 15 zilale juu ya paa. Kama ukuta uko ubavuni mwa paa, yaani maji yanatembea sambamba na ukuta, hakikisha ile sehemu inayolala inavuka migongo miwili ya bati, ukivuka mmoja tu mvua ya upepo inayotoka ziwani inasukuma maji yanaruka kwa chini. Kama ukuta uko juu kabisa ya paa, ongeza kidogo ya kulala ifike sentimita 20, na igongegonge na nyundo ya mpira ifuate migongo. Kukunja bila mashine inawezekana kabisa, bana bati katikati ya mbao mbili zilizonyooka au weka angle aini (chuma cha pembe) juu, alafu gonga taratibu kwa nyundo ya mpira ukienda na kurudi, usimalizie sehemu moja kwanza, litajikunja vibaya. Ukingo wa mwisho ukunje sentimita moja kwa ndani, unalipa bati nguvu na haukati mikono.

Ukianza kuweka anzia chini uende juu, kila kipande cha juu kilalie cha chini kwa sentimita 15. Na hapa ndo penye siri, hii fleshingi ya chini ipige skrubu upande wa paa tu, juu ya mgongo wa bati sio kwenye bonde, upande wa ukutani iache huru isimame tu imeegemea. Ukiifunga pande zote mbili umerudi kule kule kwa simenti, bati litavuta na litachana matundu.

Kinachoifunika kwa juu ni kipande cha pili. Chora mstari ukutani kama sentimita 15 juu ya paa, piga grainda mfereji wenye kina cha sentimita 2 na nusu, toa vumbi lote kwa brashi na maji, acha pakauke. Kipande cha pili kinaingia kwenye huo mfereji alafu kinashuka kufunika kile cha kwanza kwa sentimita 7 au 8, bila kushikanishwa nacho. Kibane ndani ya mfereji kwa vipande vidogo vya bati vilivyokunjwa, kila baada ya nusu mita hivi gongea kimoja, kisha jaza silikoni, au kama nyumba ni ya zamani sana yenye lipu ya chokaa, jaza chokaa na mchanga. Chokaa ni laini na inapumua, ukuta wa zamani unaielewa, simenti kali kwenye ukuta laini inabanduka na kuondoka na ukuta wenyewe.

Shida inakuja kwa ukuta wa tofali mbichi, na nyumba za hivyo bado tunazo nyingi. Huo usiupige grainda kabisa wala usiupigie nyundo, utamomonyoka. Kama ni ule ukuta wa mbele uliopanda kupita paa, dawa nzuri ni kuuvisha kofia nzima ya bati juu yake, bati liupite ukuta kwa sentimita 5 kila upande na ukingo ukunjwe kidogo kwa nje ili maji yadondokee mbali na lipu, na upande wa nyuma liendelee kushuka mpaka lifunike ile fleshingi ya chini. Kofia iwe na mteremko kidogo kuelekea paani, usiiweke imelala flati maji yakatuama. Kama ukuta ni mrefu haufikiki juu, funga kipande cha pili kwa ubao mwembamba uliopigwa skrubu ndefu zenye plagi, juu ya ubao jaza silikoni kwa mteremko, ila hii jua kabisa utakuwa unaiangalia kila kiangazi.

Vale, yaani pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde, kanuni ni moja, usipige msumari katikati ya bonde, misumari ikae pembeni tu, na acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya mabati ya pande mbili ili majani yapite. Wenye miembe juu ya nyumba mnajua, majani ya mwembe yakijazana pale maji yanapanda yanaingia chini ya bati, hata vale iwe mpya. Zoa majani kabla ya mvua za kwanza na katikati ya msimu tena. Bomba la moshi la jikoni nalo linahitaji kofia yake inayolalia chini ya bati la juu na juu ya bati la chini, mafundi wengi wanapaka lami tu kuzunguka.

Kuna wanaosoma maelekezo ya watu wa Tanga, Bagamoyo au Zanzibar wakaogopa kwamba nyumba ya ufukweni lazima iwekwe vifaa vya bei mbaya. Kule hewa ya bahari ina chumvi na chumvi inakula chuma vibaya mno, ndo maana wanahitaji alumini au aluzinki (bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki) na skrubu zisizoshika kutu. Ziwa letu Tanganyika ni maji baridi, sio ya chumvi kama bahari, kwa hiyo bati la kawaida lenye zinki nzuri linatosha hata Kibirizi au Katonga. Ila ukiamua kuweka alumini, isiguse simenti mbichi, simenti mbichi inaila, paka lami nyembamba katikati, na usiichanganye na shaba.

Sehemu ulizokata na mkasi zinabaki bila zinki, zipake praima ya zinki siku hiyo hiyo, na vumbi la grainda pamoja na chembe za chuma vifagie vyote juu ya paa kabla hujashuka kwa sababu vile vipande vidogo vya chuma vinashika kutu usiku mmoja na kutoboa rangi. Ukimaliza mwagia tena maji kwa mpango ule ule wa chini kwenda juu, mtu awe darini na tochi, dakika kumi kila sehemu.

Na kama unasoma hii mvua imeshakukamata, hapo futa pakauke uwezavyo, bandika kitambaa kigumu kilicholoweshwa lami ya paa, funika kipite ufa sentimita 10 kila upande. Kitakuvusha msimu. Mwezi wa sita ukifika kibandue chote uanze kazi kama nilivyoeleza, na mwenye ukuta wa ajabu ajabu aweke picha, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonesha paa lote, tuangalie pamoja.