Sabuni ya kunyolea haitoi povu? Ongeza sabuni kwanza

Wengi wakijaribu sabuni ya kunyolea ya kipande na brashi hawachukui muda wanarudi kwenye povu la kopo, wanasema sabuni mbovu. Mara nyingi sabuni haina shida yoyote, shida ni imechukuliwa kidogo mno, brashi imepitishwa juu juu mara tatu alafu mtu anategemea apate povu la uso mzima. Halitoki hilo.

Hakikisha kwanza ni ya kunyolea kweli maana ya kuogea inatoa povu fasta ila linakauka shavuni hata upande mmoja hujamaliza. Ya kunyolea kwa kawaida inapikwa kwa potasi kali, au potasi na soda kali (caustic soda) pamoja, na ina asidi ya steariki (aina ya asidi ya mafuta) nyingi, ndo maana povu lake ni zito na linakaa.

Brashi sasa. Kama ni ya nywele za nguruwe iloweke kwenye maji ya moto kiasi dakika chache wakati unaoga, nywele zake zinanyonya maji, ukiiwahi kavu itakunyonyea maji ya povu lako katikati ya kazi. Ya sinthetiki (nywele za plastiki) hainyonyi kitu, ichovye tu inatosha. Maji yasiwe ya kuchemka, yanaharibu gundi inayoshika nywele.

Kisha kung'uta brashi. Sio mpaka ikauke, ila isiwe inachuruzika. Weka matone machache ya maji juu ya sabuni ikae kidogo ilainike, alafu zungusha brashi juu yake kwa sekunde 30 hivi, sabuni ngumu sana nenda hata dakika nzima. Mwanzoni utaona mapovu makubwa makubwa mepesi, hapo ndo watu wanafurahi wanaacha, wewe endelea, mpaka yale mapovu yapotee na kwenye ncha za brashi ubaki uji mzito unaonata. Ukihisi umechukua nyingi kupita kiasi ni sawa tu, sabuni ikizidi unaongeza maji tu, mambo yanaisha, ila ikipungua hata ukoroge mpaka kesho hupati kitu.

Baada ya hapo hamia kwenye bakuli au moja kwa moja usoni, uso uwe umelowa. Mimi napendelea usoni kwasababu brashi inasimamisha ndevu na unahisi mwenyewe povu likibadilika, ila kama ngozi yako inawasha haraka au una vipele tumia bakuli. Hapa ndo penye kazi yenyewe: chovya ncha tu za brashi kwenye maji, zungusha, chovya tena, zungusha. Kidogo kidogo. Ukimwaga maji yote kwa mpigo yanakaa pembeni na sabuni inakaa pembeni. Povu lenye kiu halina mng'ao, linashika kwenye ngozi na brashi inakuwa nzito kuzungusha, kwahiyo liongezee maji. Likilewa maji linateleza shavuni kwenda shingoni na mapovu makubwa yanarudi, hapo rudisha brashi kwenye sabuni sekunde kadhaa. Linapokuwa sawa linang'aa kama mtindi mzito na huoni kipovu kimoja kimoja.

Usiamini macho peke yake lakini. Chukua kidogo usugue kati ya vidole viwili, vikiteleza bila kukwama uko tayari, vikikwama bado linataka maji hata kama linaonekana zuri namna gani. Povu refu la kupigia picha mara nyingi ni kavu, na wembe hauna habari na urefu wa povu, wembe unataka utelezi.

Ukifanya yote hayo na bado hamna kitu, angalia maji. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu, zinashikana na sabuni zinatengeneza ule utando mweupe unaouona kwenye beseni, sasa sabuni iliyogeuka utando haitoi povu tena. Jaribu siku moja na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ya kuweka kwenye betri ila yawe maji matupu, usije ukachukua asidi ya betri jamani. Maji safi ya mvua nayo yanafaa. Povu likija vizuri basi umejua adui ni nani, utakuwa unachukua sabuni nyingi zaidi au unabakiza kikombe cha maji hayo kwa ajili ya kunyolea tu.

Ukimaliza raundi ya kwanza ya kunyoa usisuuze brashi, povu la raundi ya pili limebaki humo ndani, ongeza tone moja mbili za maji tu. Mwisho suuza mpaka maji yatoke safi bila sabuni, ikung'ute vizuri na uiache sehemu ya hewa. Wengine wanabishana ining'inie kichwa chini au isimame, ikishakung'utwa vizuri vyovyote tu itakauka.