Ua jekundu msituni: punguza mwanga kwanza

Ukikutana na Impatiens kilimanjari, kile kiua chekundu chenye mkia uliopinda kama mkonga ambacho kwa asili huota Kilimanjaro tu, usibonyeze kitufe cha kamera haraka. Gusa ua kwenye skrini ya simu, kisha teremsha alama ya jua mpaka mishipa ya petali ionekane. Msitu ule una giza. Kamera hupima kivuli chote na kuongeza mwanga, ndiyo maana wekundu hugeuka doa tupu. Siku ya ukungu ndiyo tamu kabisa (futa lenzi tu). Mbinu hugoma jua likipenya majani na kuangukia nusu ya ua: hapo mwenzako akinge kwa kofia. Upepo ukivuma, subiri.