Koki ya kumwagia oili kwenye lori: ufunge, au ubaki na boliti yako?

Kama umeshalala chini ya lori ukamalizia kufungua boliti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa vidole, ile mizunguko miwili ya mwisho, unajua kinachofuata. Boliti inakuponyoka, oili ya moto inashuka kwenye kiganja, inapita kifundoni, inaingia ndani ya mkono wa ovaroli mpaka kwapani, na boliti yenyewe imeshazama kwenye beseni lenye lita ishirini na kitu za oili nyeusi tii, sasa uanze kuipapasa humo. Nimefanya hivyo miaka mingi na alama ya kuungua ninayo mkononi mpaka leo, kwa hiyo nikisema napenda hii koki naongea kwa uchungu kabisa.

Koki yenyewe ni rahisi, unatoa boliti ya sampu unafunga koki palepale na inabaki hapo, siku ya sevisi unafungua kwa mkono tu bila spana. Na si kitu kigeni kwenye lori, tangi la upepo lina koki yake ya kutolea maji, filta ya dizeli nyingi zina koki ya kutolea maji, ni sampu tu ndio imebaki na boliti. Swali ninaloulizwa kila mara ni "fundi, nifunge nisifunge?" na jibu langu ni funga, ila si kila lori, na kinachoamua ni kile utakachokiona ukilala chini ya gari lako mwenyewe. Kwa hiyo tunaanzia huko, kabla hujanunua chochote.

HATUA YA 1: Lala chini upime

Lori liwe sehemu tambarare, limezimwa, breki ya mkono juu, weji kwenye matairi, na funguo ziwe mfukoni mwako, zisibaki kwenye swichi. Kama lina springi za upepo usiingie chini bila stendi imara chini ya chesisi, zile zikiachia upepo chesisi inashuka na hautapata muda wa kutoka.

Sasa tafuta boliti ya sampu iko wapi. Kama imetazama pembeni au nyuma, umebahatika, koki itakaa ubavuni na sampu yenyewe inaikinga kidogo. Kama imetazama chini moja kwa moja, hapo ndio pa kuwa makini, maana koki itaning'inia chini kuliko kichwa cha boliti, mara nyingi kwa vidole viwili au vitatu.

Chukua ubao mnyoofu au rula ndefu ya chuma, iweke chini ya krosimemba, kile chuma kinachokingama kwenye chesisi, ya mbele na mwisho mwingine uguse ekseli au krosimemba ya nyuma yake, chochote kile kilicho chini zaidi. Huo mstari ndio jiwe litakapopita. Pima kutoka kwenye mstari mpaka uso wa sampu pale boliti inapokaa, alafu linganisha na urefu wa koki unayotaka kununua. Koki ikibaki juu ya mstari na nafasi ya kutosha, poa. Ikigusa mstari au ikiuvuka, acha, usijidanganye kwamba dereva atakuwa mwangalifu.

Kitu ambacho wengi wanasahau ni kwamba ekseli inapanda. Lori likiwa tupu unaona pana nafasi tele kati ya ekseli na sampu, ukilipakia na likaingia kwenye shimo ekseli inapanda mpaka inagonga ile raba yake ya kuizuia. Pima pengo kati ya ekseli na hiyo raba, ndio umbali ambao ekseli inaweza kupanda, na koki lazima ibaki huru hata baada ya hapo. Angalia pia rodi za usukani, gurudumu likikatwa kulia na kushoto zinapita wapi.

Nikueleze habari ya mteja mmoja hapa maana ndiye aliyenifundisha kupima. Lori lilikuwa la kubeba mchanga, linaingia machimboni, mwenyewe alitaka koki na mimi nikamfungia ile yenye mdomo mrefu wa kuvalisha mpira, niliangalia kwa macho tu nikaona inatosha. Liliporudi kwa ajili ya grisi nikapita chini na tochi, kila kitu kimejaa vumbi rangi moja, isipokuwa ncha ya ule mdomo, ilikuwa inang'aa kama shaba mpya, mkwaruzo mmoja wa upana wa kidole. Hakuna tone lililovuja. Lakini kile king'aa kilinitosha, jiwe limeshafika hapo mara moja, mara ya pili linavunja mdomo au linapasua sampu yenyewe pale kwenye sredi, yaani yale meno ya kukazia boliti, na injini ikikosa oili haichukui muda kunoki, kugonga ndani na kufa. Nikaitoa siku hiyohiyo nikarudisha boliti.

HATUA YA 2: Jua sredi na nafasi ya kuzungushia

Boliti za sampu zinafanana kwa macho ila sredi hazifanani. Kuna milimita 12 yenye hatua, yaani umbali kati ya jino moja la sredi na jingine, ya 1.25, kuna 14 yenye 1.5 ambayo utaikuta kwenye magari mengi sana, na injini kubwa zinaenda 18, 22, 24. Usikisie. Soma kitabu cha gari, au siku ya kumwaga oili toa boliti uipime kwa kaliipa na geji ya sredi. Koki yenye hatua isiyo yake itaingia mzunguko mmoja au miwili ukadhani ndio yenyewe, alafu inabana, ukilazimisha umeua sampu. Injini nyingine zina boliti yenye sredi inayochongoka, inaziba kwa kujikaza yenyewe bila washa, ile ringi ya kuzibia, hiyo inataka koki ya aina hiyohiyo.

Nafasi ya kuzungushia nayo ni muhimu. Boliti ni duara, koki ina bega upande mmoja, na wakati unaikaza lile bega linazunguka duara kubwa kuliko kichwa cha boliti. Kata kipande cha boksi ukubwa wa koki, kiweke kwenye shimo ukizungushe, kikigonga ukingo wa sampu au chuma chochote utahitaji adapta ya kuisogeza nje. Na adapta inaongeza urefu, kwa hiyo rudi kwenye rula.

HATUA YA 3: Chagua aina

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ina goroli ndani na kishikio nje, Fumoto ya Japani ndio inayojulikana zaidi, kishikio unakinyanyua kwanza kitoke kwenye pengo lake ndio kizunguke robo mzunguko na oili itoke. Aina ya pili ina springi ndani na kifuniko cha kukaza nje, kama Stahlbus ya Ujerumani, unatoa kifuniko, unakaza kiunganishi chenye mpira na chenyewe ndio kinasukuma springi kufungua.

Kwa lori linalokwenda njia mbaya napenda hii ya kifuniko, haina kishikio cha kunaswa na kitu na mtu mwenye nia mbaya hawezi kuifungua akipita tu. Kwa lori la lami ya goroli inatosha kabisa na ni rahisi zaidi, ila nunua na klipsi yake ya kufungia kishikio. Usiniambie eti utanunua baadaye, klipsi ni sehemu ya koki. Mdomo uwe mfupi ukiweza.

Watu wananiuliza presha ya oili haiwezi kuisukuma ikafunguka? Hapana, presha inaanzia baada ya pampu. Ndani ya sampu oili imelala tu kwa uzito wake.

HATUA YA 4: Kufunga

Fanya siku ya sevisi ukiwa unamwaga oili kama kawaida. Washa injini ipate joto la wastani, usilitoe safarini ukaanza palepale, oili ya lori lililotoka mlimani inafika nyuzi 100 na zaidi.

Toa boliti, acha oili iishe yote, hii ndio mara ya mwisho shimo litakuwa wazi hivyo kwa muda, kwa hiyo angalia. Futa sredi za sampu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, pitisha tochi, kama zimelika zitengeneze kwanza, koki haifichi sredi mbovu. Hakikisha washa ya zamani haijabaki imeng'ang'ania kwenye sampu, ile ya kopa inapenda kuganda pale ukadhani ni sehemu ya chuma, ukifunga juu yake itavuja.

Tumia washa iliyokuja na koki, moja tu. Usiweke mbili ili kishikio kikae upande unaoutaka, na usizungushie tepu ya bomba, vipande vinakatika vinaingia kwenye chujio la pampu. Koki iingie kwa vidole mpaka ikae, isipoingia kwa vidole itoe uanze tena. Alafu kaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Koki nyingi ni za shaba na ndani zina tundu, hazina ubavu wa boliti ya chuma, ukizikaza kama unakaza nati za tairi zinakatika shingo na kipande kinabaki ndani.

Sasa hakikisha imefungwa isiachie oili, rudishia klipsi, ndio utie oili. Sema kwa sauti kabisa "koki imefungwa" kabla ya kufungua dumu, mimi nasema kila mara.

Washa injini, taa ya oili izime, iache inguruma dakika chache, zima, chungulia. Tandika karatasi nyeupe chini ilale hapo usiku. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo kagua tena.

HATUA YA 5: Kuitumia

Fungua kifuniko cha kujazia oili juu ili hewa iingie, vaa glavu, valisha mpira kwenye mdomo, mwisho mwingine uwe ndani ya dumu, fungua. Hakuna kumwagika, hakuna beseni la kubeba limejaa mpaka ukingoni, oili chafu inaenda moja kwa moja kwenye dumu lenye kifuniko badala ya ardhini.

Ila jua itachukua muda zaidi. Tundu la milimita 12 likibanwa likawa la 8 hujapoteza theluthi, umepoteza zaidi ya nusu, maana eneo linakwenda kwa mraba, 144 kwa 64. Oili ikiwa ya moto kiasi inatoka vizuri, ikiwa baridi utakaa. Mi natumia huo muda kubadilisha filta na kupiga grisi.

Faida ambazo hukuzitegemea ziko hapa. Ukizidisha oili unapunguza nusu lita bila kuchafuka. Ukitaka kupeleka sampuli maabara unaacha kidogo kitangulie kisha unakinga kwenye chupa safi. Na ukihisi hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, inapitisha maji, liache lori lilale usiku, asubuhi kabla ya kuwasha fungua koki kidogo sana: maji ni mazito kuliko oili, yakiwa yametuama chini yatatoka ya kwanza. Kwangu hili peke yake linatosha kuifunga.

Ubaya upo pia, siufichi. Kama shimo liko chini, sredi za koki zikichomoza ndani ya sampu zinaacha kioili kidogo kisichotoka. Kwenye injini ya lita 30 hicho kikombe hakinisumbui, kinachonisumbua ni tope na vipande vya chuma vinavyobaki navyo, na kama boliti yako ilikuwa na sumaku umeipoteza na ule unga wa chuma uliokuwa unakuambia hali ya injini hutauona tena. Kwa hiyo kila sevisi ya nne au ya tano naitoa koki nzima, namwaga kwa shimo lililo wazi, naweka washa mpya, na filta ya zamani naikata niangalie karatasi yake.

Nani asifunge? Lori la machimbo, la msituni, lolote ambalo rula ilikataa. Lori jipya lenye waranti, uliza kwanza kwa wakala na upate jibu kwa maandishi. Na lori linaloendeshwa na watu watatu tofauti ambao hakuna anayechungulia chini asubuhi, hilo liache na boliti mpaka mpange nani anakagua.

Boliti uliyoitoa usiitupe. Ifute, ivalishe washa mpya, ifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na spana yake, iweke kwenye kiboksi cha kebini na mwonyeshe dereva ilipo. Koki ikigongwa njiani ndiyo itakayoziba shimo, na dumu la oili la akiba liwe karibu nayo.