Kuvika msumari wa mfupa saruji yenye antibayotiki

Bakteria wakishanata kwenye chuma kilichomo mfupani hujijengea utando, na dawa ya sindano haiwafikii vizuri. Kwa hiyo tunatoa chuma cha zamani, tunasafisha mfereji wa mfupa, kisha tunaweka msumari, yaani waya mnene wa kukaa ndani ya mfereji huo, uliovikwa saruji ya mifupa yenye dawa. Nawaandikia madaktari na wauguzi wa chumba cha upasuaji wanaoutengeneza wenyewe mezani.

Hatua ya 1: Kalibu ya kumwagia saruji. Tunatumia mrija wa kifua: namba 40 una upana wa ndani wa milimita 10 hivi. Upake mafuta tasa kwa ndani. Mfereji wa mfupa uchongwe uuzidi msumari kwa milimita 1.5 hadi 2.

Hatua ya 2: Waya wa milimita 3, ndio kiini cha msumari. Ncha ya juu ikunje iwe ndoano ya kuvutia. Ya chini ipinde kidogo imezwe na saruji. Usiliruke hili. Niliwahi kutumia waya ulionyooka. Siku ya kuutoa ulikuja mtupu, saruji yote ikabaki ndani ya muundi. Tulihangaika kuichokonoa kipande kwa kipande, mgonjwa yuko mezani.

Hatua ya 3: Dawa. Kwa poda ya saruji gramu 40 natia vankomaisini gramu 2 hadi 4, baada ya kuuliza habari za mzio na kuangalia figo. Ponda mabonge kwanza, changanya poda kwa poda, ndipo umimine kimiminika cha saruji. Jentamaisini ya ampuli usiitie, maji yake hudhoofisha saruji. Dawa isiyostahimili joto nayo iache: saruji ikiganda huweza kupita nyuzi 70.

Hatua ya 4: Saruji ikingali kama uji, ivute kwa sirinji kubwa yenye mdomo mpana, jaza mrija, ingiza waya katikati. Utausikia mrija ukipata moto kiganjani. Ukishapoa, uchane pande mbili kwa kisu na kuumenya. Pitisha kidole taratibu. Penye kinundu pakwangue, la sivyo kitakwama mfupani.

Hatua ya 5: Sukuma msumari mfupani kwa mkono, bila nyundo. Msumari huu haubebi uzito, hivyo mfupa ambao haujaunga utegemezwe kwa nje. Dawa nyingi hutoka siku za mwanzo; ikishapungua, saruji yenyewe yaweza kuwa makao ya bakteria. Mimi huutoa wiki ya sita hivi. Tarehe hiyo iandike kwenye faili siku hiyo hiyo, na umtajie mgonjwa na ndugu aliyemleta.