Mbwa mwenye mashahidi: namna ya kumchagua mbwa wa kuokota kwa nyumba yenye watoto

Mbwa wetu anaitwa Hayakuhusu. Jina hilo alipewa na wapara samaki wa feri, hapa Mtwara, kabla hajawa wetu. Mwezi wa kwanza jirani yangu mmoja aliacha kunisalimia, kwa sababu kila jioni nilikuwa nasimama mlangoni na kupaza sauti, "Hayakuhusu! Wewe Hayakuhusu!" Tumeshapatana. Nalitaja jina mapema kwa kuwa mbwa aliyekwisha kupewa jina ana watu wanaomjua, na hao ndio wa kuwahoji kabla hujamleta kwenye watoto.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Chuno na watoto watatu na mama mkwe wangu. Baba watoto analinda ghala la korosho, kwa hiyo msimu ukifunguliwa usiku hayupo, na habari ya mbwa ilianzia hapo. Hayakuhusu ni wa tatu. Wawili wa mwanzo niliwachagua vibaya.

Wa kwanza alikuwa mdogo sana, watoto walimkuta kwenye boksi karibu na dampo. Alilia, wao wakalia, nami nikalainika. Sidhani kama alikuwa amefikisha wiki 6. Mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama yake mpaka wiki 8 hivi, maana kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kwamba ukiuma kwa nguvu mchezo unakwisha. Wetu hata hakufika kwenye kuuma. Siku ya sita alianza kutapika na kuharisha damu, siku ya nane tukamzika chini ya mwembe. Daktari wa mifugo alisema zile ni dalili za pavo, ugonjwa unaowamaliza watoto wa mbwa wasiochanjwa, na kwamba virusi vyake vinakaa kwenye udongo muda mrefu, nisilete kitoto kingine uani hivi karibuni. Binti yangu mkubwa alikataa kula siku mbili. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "chukua mdogo, atakua na watoto wako," nanyamaza. Mdogo anavutia, lakini tabia yake bado hujaiona, meno yake ni kama sindano, na anahitaji mtu wa kushinda naye mchana kutwa. Mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu, ulivyomwona ndivyo alivyo.

Wa pili alikuwa mzima, na ndiye aliyenipa somo la pili. Mweusi, mkubwa, amenawiri. Mwenyewe alikuwa amemaliza mkataba wa kazi anahama, akaniambia, "Huyu hana neno kabisa, mama." Nikamwamini. Sikujiuliza kwamba nyumba ile haikuwa na mtoto hata mmoja. Wiki ya pili mwanangu wa kati aliinama kuokota gololi karibu na bakuli la mbwa, akang'atwa mkono.

Tulichofanya dakika ile kila mzazi anayefuga mbwa akijue: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Huku bombani maji hayakuwepo, basi nikawa namimina kwa kopo, bibi yake anapaka sabuni. Hatukuweka majivu, hatukuweka kitunguu saumu. Tukaenda hospitali saa ile ile na chanjo ya kichaa cha mbwa ikaanza siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kwanza kama mbwa ni mgonjwa, kwa sababu ugonjwa huu dalili zikishamtokea mtu karibu hakuna anayepona. Mbwa tulimfungia tukamwangalia siku 10. Kama angekuwa tayari na virusi kwenye mate siku aliyouma, ndani ya muda huo angeugua au kufa. Alikula, akabweka, akawa mzima, na mwisho akaenda kwa fundi mmoja anayelaza magari uani kwake, mzee asiye na watoto wadogo.

Kosa lilikuwa langu. Nilimhoji shahidi mmoja tu, na shahidi mwenyewe alikuwa na haraka ya kuondoka.

Kwa huyu wa tatu nilienda feri mara tano kabla sijamgusa. Asubuhi mashua zinapoingia, adhuhuri watu wamechoka, jioni kelele zimepungua. Mbwa mmoja, saa tofauti, ni kama mbwa watatu. Niliwahoji kijana mpara samaki, bibi muuza vitumbua, na mlinzi wa usiku, na katika hao watatu mlinzi ndiye bora, kwa sababu anamwona mbwa akiwa hana mtu wa kumfurahisha. Maswali yangu yalikuwa haya haya kwa wote: umemwona hapa tangu lini, ameshauma mtu, hula vipi mbele ya mbwa wenzake, na watoto wakimchokoza anafanya nini.

Bibi wa vitumbua ndiye aliyenishawishi. Nilimwamkia, nikanunua vitumbua vya mia tano, nikauliza.

"Huyu? Yuko hapa tangu mfungo wa mwaka juzi. Wajukuu zangu wanamvuta mkia, anainuka, anaondoka zake."

Shika hilo la kuondoka zake. Watu wanatafuta mbwa anayevumilia kila kitu, na mbwa anayevumilia kila kitu kuna siku atafika mwisho wake, tena bila taarifa. Anayemrukia mtu hafai, hilo halina mjadala. Anayefaa nyumba yenye watoto ni yule akiudhiwa anajua kujitenga, nawe nyumbani umemwekea mahali pa kujitenga.

Ushahidi wa muda mrefu una faida nyingine kubwa kuliko tabia. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kujificha mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla mbwa hajaonesha dalili. Kumchanja siku unayomchukua ni lazima, lakini chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Hakuna wa kumtazama mbwa machoni akakwambia ni salama. Mbwa aliyeonekana mtaani juzi, hajulikani alikotoka, ana jeraha la kung'atwa, mwache. Na akiwa anatokwa mate, taya la chini limelegea, sauti imebadilika, anatafuna vijiti na mawe, au anawang'ang'ania watu asiowajua kwa namna isiyo ya kawaida, waite watoto ndani na mpigie afisa mifugo wa kata.

Uliza pia mwenyewe ni nani. Mbwa wengi tunaowaita koko wana kwao, wanatembea tu. Mimi nilipita kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasema mbele ya watu wawili kwamba namchukua jike wa kahawia mwenye sikio lililochanika. Hakujitokeza mtu. Ungemchukua kimyakimya, siku akishanenepa ungeona wenye mali wanavyojaa.

Baada ya hapo ndipo majaribio yangu mwenyewe, bila watoto.

Kaa hatua kumi hivi kutoka kwake, ubavu, usimkazie macho. Akija mwenyewe, mwili umelegea kama unacheza chakacha, mdomo wazi, vizuri. Mkia kusimama na kutikisika kwa ukakamavu si furaha, wengi tunadanganyika hapo. Kujiramba midomo pasipo chakula, kupiga miayo hali hana usingizi, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, hiyo ni hofu. Hofu kidogo kwa mgeni si kasoro. Hofu isiyopungua mpaka siku ya tatu, kwenye nyumba ya watoto, ni kasoro.

Angusha mfuniko wa sufuria. Hayakuhusu aliruka, akasimama mbali, kisha akarudi kuunusa. Huyo kichwa chake kinarudi mahali pake. Anayekimbia asirudi atateseka na kelele za nyumbani kwako.

Mpe chakula, kwetu ilikuwa vichwa vya samaki, halafu pita mbali kiasi, kila mara ukisogea kidogo. Tazama mgongo. Akiganda, akaanza kumeza harakaharaka huku amekutolea macho, ishia hapo. Yule mweusi wangu angenionesha hivyo siku ya kwanza kama ningejua kutazama. Akinguruma, usimpige, hata kwako baadaye usimpige kwa kunguruma. Ngurumo ni kengele, na ukimfundisha asiipige atauma bila kengele.

Mguse wewe kwanza: bega, chini ya kidevu, kisha masikio, miguu, mkia. Usianzie juu ya kichwa. Kama unafuga kuku, mpitishe karibu na kuku akiwa na kamba. Mimi nilisahau, na jogoo wa mama mkwe akatulipia.

Watoto waje mwisho, mmoja mmoja, mbwa ana kamba mkononi mwa mtu mzima. Wangu niliwaambia wasimame kama minazi, mikono chini, wasubiri anuse. Mwanangu mdogo, alikuwa na miaka 4, hakuweza kusimama hata nusu dakika. Nikarudi nyumbani nikasubiri mwezi mzima tunafanya mazoezi ya kusimama kama minazi sebuleni. Watu wanamkagua mbwa tu, kumbe na watoto nao wakaguliwe.

Afya sitairefusha, maana ni kazi ya daktari wa mifugo na mpeleke kabla hajalala kwako hata usiku mmoja. Kichaa cha mbwa anachanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu. Apewe dawa ya minyoo, kwa kuwa minyoo ya mbwa huwapata watoto wanaocheza mchangani. Atazamwe kupe na viroboto. Jike anayetoka damu nyuma, usiseme tu yuko kwenye joto. Kuna uvimbe mbwa wanaoambukizana wanapopandana, na unatoa damu wiki baada ya wiki. Unatibika kwa sindano za daktari. Tazama chuchu na tumbo vilevile, mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, usije ukaleta mmoja ukalea saba. Na ukikuta ngozi ina upele na manyoya yamenyonyoka, huku kwetu utashauriwa umpake oili chafu iliyochanganywa na salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa mikorosho. Hata mimi nilishauriwa, na mtu mwenye shamba Naliendele, kwa nia njema. Mbwa hujiramba, na oili chafu ni sumu. Daktari ana sindano ya upele.

Mama mkwe wangu alikuwa na hoja yake, nayo si ya kupuuzwa. Sisi Waislamu tunaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilimuuliza shehe wa mtaani kwetu, akasema kufuga kwa ulinzi kuna ruhusa, ila nijue taabu ya usafi nitakayoibeba. Basi Hayakuhusu haingii ndani. Ana kibanda chake chini ya mwembe, sakafu ya mbao, mlango umeelekea mbali na njia ya watoto. Ana bakuli lake, ndoo yake na kopo lake. Watoto wana nguo za kuchezea zinazobaki kwenye kamba ya nje, na wakitoka kwake ni sabuni kabla ya kushika kitu chochote. Daktari wa minyoo angewaambia hivyohivyo. Akilamba sufuria, watoto wanahesabu saba kwa sauti na yule wa mwisho ndiye anayeleta udongo.

Wiki mbili za mwanzo usitegemee mapenzi. Yeye alilala tu, kana kwamba anamaliza usingizi wa miaka miwili ya feri. Tuliwawekea watoto masharti matatu: haguswi akila, haguswi akilala, hafuatwi akiwa kibandani. Mtoto aliye chini ya miaka 5 au 6 haachwi naye peke yao, hata dakika ya kuzima jiko, na mpaka leo sharti hilo lipo. Mchana usimfunge mnyororo kutwa nzima kwa kudhani ndivyo atakavyokuwa mlinzi. Anayefungwa kutwa anakuwa mkali kwa kila kitu kinachopita, na kinachopita zaidi uani kwako ni watoto wako. Mpe kamba ndefu, au ziba ua.

Kubweka alianza wiki ya tatu, usiku wa saa nane, mara mbili tu. Mama mkwe alifungua dirisha, akamulika tochi, akasema, "Hayakuhusu, nyamaza basi tumesikia," akarudi kulala.

Mwezi wa pili tulimfunga kizazi. Chanjo yake inarudiwa kila mwaka, nami nimeiweka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa sababu ndiyo tarehe nisiyoisahau, na maofisa mifugo nao huwa wanahamasisha kipindi hicho. Kadi yake iko kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto, droo ya chini ya cherehani.