Maharage yaivie kapuni, mkaa ubaki

Mkaa unaouzwa Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, umeshachafua hewa kabla haujafika jikoni. Kwenye tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni, na moshi wake hubeba methani, gesi inayoshika joto kuliko hewa ya ukaa. Basi punguza saa za moto, uanze na maharage: yachemke kidogo jikoni, kisha yamalizie kuiva kwa joto lake ndani ya kapu lililozibwa vizuri.

Tafuta tenga linalomeza sufuria na kubakiza sentimita 10 kila upande. Jaza chini na pembeni blanketi kuukuu au makapi makavu ya mpunga yaliyoshonewa kwenye gunia, kisha shona mto wa kufunika juu. Makapi yakilowa, joto linatoroka.

Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, umwage maji hayo. Weka maji mapya, lita 1 na nusu, kwenye sufuria ya lita 4. Funika, na tangu yatokote hesabu dakika 20. Wa Kasulu waongeze 10, maana huko juu maji huchemka kwa joto pungufu kidogo. Usikatishe hapo kwa kubana mkaa: maharage, hasa mekundu, yana sumu asilia inayohitaji mchemko mkali, na joto la kapu peke yake haliimalizi.

Hamishia kapuni upesi bila kufunua. Kandamiza mto, acha saa 3 hadi 4. Usilaze humo hadi asubuhi. Chakula kikikaa vuguvugu kinachacha.

Yakitoka magumu, mara nyingi kuna mtu alichungulia. Au sufuria ilikuwa nusu tupu, ikapoa haraka. Au nyanya zilitangulia. Uchachu wake hukaza maganda. Maharage ya misimu iliyopita ni wakaidi tu, yachemshe tena dakika 15 uyarudishe. Magadi huyalainisha, ila huua vitamini B1.

Yakiiva, yachemshe tena dakika 10, ndipo uunge kwa kitunguu, nyanya, chumvi na mawese.

Mkaa uliobaki usiumwagie maji, kesho utafuka moshi tu. Utie kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, ukosapo hewa utazimika wenyewe. Kopo lilale nje: hadi uzimike kabisa, mkaa hutoa sumu isiyo na harufu.