Magaga: ninavyotibu visigino vilivyopasuka

Mteja akishaketi kwenye kiti changu hapa Dodoma, kabla hajavua hata ndala, huanza kwa kuomba radhi: "Dada, usinishangae, mbona kila siku najisugua!" Basi hapo hapo ndipo tatizo lilipo.

Magaga si uchafu, ni ukavu. Ngozi ya unyayo ina tezi za jasho tu. Za mafuta haina. Ikikauka hukakamaa, na uzito wa mwili unapoikandamiza, kisigino hutanuka pembeni na ngozi isiyonyumbuka hupasuka. Ongezea ndala, sakafu ya saruji na upepo wa Juni mpaka Agosti, ndiyo maana usiku kisigino kinakwaruza shuka na kung'oa nyuzi. Ukisugua kwa nguvu kila siku, mwili hujilinda kwa kujenga ngozi nene zaidi ya ile uliyoiondoa.

Hatua ya 1: Loweka. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, dakika 10 hadi 15. Usitie sabuni ya unga wala jiki. Mwenye kisukari asiloweke. Anawe tu, ajikaushe vizuri.

Hatua ya 2: Sugua kidogo. Jiwe la miguu, mara 2 kwa wiki, inatosha. Pitisha polepole kuelekea upande mmoja, na uache kabla ngozi haijaanza kuwa nyekundu. Wembe usiuguse. Nilipoanza kazi hii nilimkwangua mama mmoja kwa wembe ili amalize haraka awahi harusi. Nilipitiliza kidogo tu, damu ikatoka, na harusini akaenda akichechemea. Tangu siku hiyo sina wembe kibandani kwangu.

Hatua ya 3: Paka mafuta mguu ukiwa bado na unyevu. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanakausha miguu, wanapika, wanamlaza mtoto, ndipo wanakumbuka mafuta. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyomo. Ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, umefungia ukavu. Kwa hiyo kopo liwe pembeni ya beseni. Toa mguu, ugusegusie taulo bila kusugua, paka palepale.

Mimi napendelea mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na manukato. Ya bei rahisi, na hayakauki upesi. Mafuta ya alizeti, ambayo huku kwetu hayakosekani jikoni, nayo yanafaa, ila ni mepesi na yatachafua shuka. Losheni nyepesi ya kunukia ni ya mikono, kwenye kisigino haifiki mbali. Kama ngozi ni ngumu kama gome, ulizia duka la dawa krimu yenye urea asilimia 10 hadi 25; urea huvuta maji na kulainisha ngozi ngumu. Usiipake kwenye ufa ulio wazi, itakuchoma mpaka urukeruke.

Hatua ya 4: Vaa soksi za pamba, ulale nazo. Mumeo atacheka siku mbili, atazoea. Ukiamka usiku vaa ndala, maana miguu yenye mafuta kwenye vigae ni hatari.

Hatua ya 5: Mchana, vaa viatu vinavyofunika kisigino, hasa kama unasimama sokoni au darasani kutwa nzima.

Fanya hatua ya 3 na ya 4 kila usiku. Usiku wa kwanza utaona ulaini tu. Nyufa zenyewe huhitaji wiki kadhaa kufunga, na ukiacha zinarudi.

Kama miguu inawasha, ngozi katikati ya vidole imekuwa nyeupe na kulowa, au unyayo mzima unatoa unga mweupe, huenda hayo si magaga bali fangasi, na mafuta hayatayaondoa. Onana na mtaalamu wa afya. Ufa unaotoa damu au usaha, au wekundu unaopanda mguuni, upeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nimeona watu wakiziba nyufa kwa nta ya mshumaa, hata kwa gundi ya viatu. Uchafu unabaki umefungiwa ndani.

Wateja wenye kisukari siwasugui kabisa, maana wengine hawahisi hata wakikatwa. Nawapaka mafuta kisigino na unyayo, katikati ya vidole naacha pakavu, kisha naweka kioo sakafuni na kuwaonyesha namna ya kukagua nyayo zao kila jioni.